Neno la Daktari Nililomficha Ngalula

Mwanangu, kuna Jumapili moja ambayo mpaka leo haijanitoka. Ilikuwa miaka ile ya Zaire, tulipolazimika kuitana raia kila mahali, na kampi za wafanyakazi wa kampuni ya serikali hapa Likasi zilikuwa zimejaa watu. Tulikuwa tumetoka misa, tumeketi kwa mdogo wangu Ngalula, bibi yako aliyemzaa mama yako. Alikuwa anakunywa chupa ya tatu ya limonadi huku akicheka. Nilimtazama, nikasema moyoni: kunywa tu.

Ngoja nikueleze ubaya wa neno hilo.

Ngalula ndiye aliyenifuata kuzaliwa, akaniita yaya, yaani dada mkubwa. Mimi nilikuwa mnene tangu usichana. Yeye alikula bukari, ugali wetu, mpaka sufuria ikabaki nyeupe, na kiuno chake hakikubadilika. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya parokia. Wa kwake alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha shaba, na posho ya unga, nyama na mafuta haikukosekana nyumbani kwao. Barabarani watu waliniita dada yake Ngalula, mimi niliyembeba mgongoni! Wivu hauanzi na jambo kubwa, mwanangu. Huanza hivyo hivyo, kidogo kidogo.

Kisha nikaugua. Kiu isiyokatika, macho kufifia, kwenda msalani kila saa. Daktari alinipima mkojo na damu, akasema ni ugonjwa wa sukari. Akauliza mama yetu alikufa na nini. Nikamweleza kwamba alikunywa maji kama anayemwagia mchanga, akakonda, akatokwa na donda mguuni, na ukoo ukasema shangazi amemloga. (Masikini shangazi yule, alikufa hakuna anayemsalimu.) Daktari hakucheka. Aliniambia taratibu:

“Mama, huu ugonjwa unatembea ndani ya ukoo. Si kila mutoto anaurithi. Na mwenye kuurithi, unaweza kulala ndani yake miaka mingi, mpaka chakula na maisha viuamshe. Hata mwembamba unaweza kumupata. Waambie ndugu zako bakuje kupimwa.”

Nikarudi kwa miguu. Ngalula alikuwa uani akikaanga samaki wa ziwa la Tshangalele, akaniita nile naye. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamtazama alivyong'aa kwa afya, nikajiuliza: mama mmoja, damu moja, kwa nini mimi peke yangu? Nikalimeza lile neno pamoja na samaki wake.

Nilinyamaza miaka miwili. Mimi nilikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta, naye alikunywa limonadi mbele yangu bila kujua lolote. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nguo za mdogo wangu.

Pasaka moja kiatu kipya kilimchubua kidole. Jeraha dogo, la kupaka mafuta tu. Halikupona. Likawa jeusi, na walipomfikisha hospitali, sukari ilikuwa imekwisha kuharibu ndani. Walimkata mguu chini ya goti. Yule daktari wangu alipita kumwona, akanikuta kando ya kitanda chake, akauliza kama huyu ndiye ndugu niliyeagizwa kumwambia. Nikaanza kunyoosha shuka. Alipoondoka, Ngalula aligeuza kichwa.

“Yaya, weye ulijua?”

“Nilijua.”

“Na haukuniambia, juu ya nini?”

“Nilikuwa na wivu. Sikutaka kuugua peke yangu.”

Hakulia. Akasema, “Batoto bangu, na bako. Nenda ubaambie leo.”

Nilikwenda nyumba kwa nyumba siku hiyo hiyo. Walipopimwa, watoto wangu watatu hawakukutwa na ugonjwa. Mama yako alikutwa nao, lakini ugonjwa ulikuwa bado mchanga, akajitunza, na ndiyo maana mpaka leo anakwenda sokoni kwa miguu yake miwili. Damu haigawi kwa haki wala kwa adhabu.

Utauliza kama Ngalula alinisamehe. Alinifungulia mlango, tulikula sahani moja. Ila neno yaya hakulitamka tena. Aliniita kwa jina langu, kama jirani, mpaka tulipomzika.

Basi nakwambia wazi, mwanangu. Ugonjwa wa ukoo si uchawi wala si aibu, na mwenzako akiwa mzima hajakunyang'anya afya yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha, na aliyeumbuka ni mwingine. Ukijua kilicho katika damu yenu, waambie ndugu zako wote, na yule unayemwonea kijicho umwambie wa kwanza, kabla moyo haujapata nafasi ya kukushauri.

Mungu akulinde. Akupe macho ya kuwaona wajukuu wako, na miguu ya kuwafuata wakikimbia. Na Jumatatu, mwanangu, nenda ukapimwe.