Trela Lililokataliwa na Haipiti

Shemeji yangu alikuwa mkaguzi wa magari kwa miaka thelathini, na katika muda wote huo sijasikia gari lililompendeza. Alikuwa akilala chini yake na kurunzi mdomoni, anagonga nati kwa nyundo ndogo, anatega sikio, kisha anatoka na neno moja: "Haipiti." Madereva wakaligeuza neno hilo kuwa jina lake, naye badala ya kuona haya akajivuna nalo. Hata mezani, dada yangu akimpakulia, lazima akigeuzegeuze chakula kwa uma kwanza, utadhani anatafuta kutu. Sisemi haya kwa ubaya. Au tuseme, nasema kwa ubaya kidogo.

Dada yangu ni mkunga mstaafu. Tangu ujana wake hajalala usiku bila kutegemea kugongewa mlango na mtu anayehema. Zamani, akiwa kwenye lori la chanjo, alipita mahali juu milimani penye chemchemi ya maji moto, na dereva akakataa kusimama. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: alale kule, afunge mlango, na asubuhi aamke mwenyewe.

Njia ya kule ni mawe na mashimo, na mvua zikianza haipitiki kabisa. Juu ya hayo, daktari alishamwambia nyonga itapasuliwa mwisho wa mwaka, na akishapasuliwa asahau barabara za kurukaruka. Hema halikumfaa, maana akilala chini, kumwinua ni kazi ya watu wawili. Ndipo likaja wazo la trela dogo la kulala, linalokokotwa na pikapu yangu. Kazi ya kulichagua akapewa mumewe, kwa kuwa sote tulisema huyo ndiye mjuzi. Tulikosea sana. Mtu aliyezoea kukataa humtumi kuchagua.

Trela la kwanza lilikuwa refu, lina sinki, kioo na mapazia ya maua. Haipiti akachungulia chini. "Tumbo limelala mno. Jiwe la kwanza tu, sinki linabaki njiani." Hapo alisema kweli, sikumbishia.

La pili lilikuwa fupi, limenyanyuka vizuri, matairi mapana, springi nene, kitanda cha watu wawili na kabati la kufunga kwa komeo. Muuzaji alikuwa meno nje. Haipiti akaingia chini, akagonga, akagonga tena, mimi nikasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo.

"Nati hii inasema uongo, inajidai imekaza," akatoka na kusema.

"Mzee wangu, naibadilisha sasa hivi."

"Aliyefunga moja ya uongo, hizo nyingine alizifungaje? Haipiti."

Tukaendelea hivyo kiangazi chote. Moja mlango wake ulifungukia upande asioupenda. Jingine lilikuwa zuri kupita kiasi, jambo ambalo lilimtia wasiwasi. Nikachoka, nikamwambia, "Shemeji, mchagua jembe si mkulima."

"Mkulima halali ndani ya jembe," akanijibu, na lazima nikiri lilikuwa jibu zuri. Ndiyo maana liliniudhi.

Jioni moja dada alisimama dirishani akitazama mawingu. "Baba watoto, mvua zinakuja."

"Unataka nikuzike njiani?"

"Nataka unipeleke."

Haipiti akaendelea kufuta nyundo yake. Kesho yake dada akanipigia simu niende na pikapu, na nisimwambie mtu.

Akaniambia nimpeleke moja kwa moja kwenye lile trela la pili, nililokuwa nimemsimulia. Akamwamuru muuzaji abadilishe ile nati mbele ya macho yake, kisha akatoa mkobani shuka jeupe la kazini, akalitandika kitandani, akafunga mlango na madirisha. "Likokote mpaka kwenye machimbo ya kokoto, urudi," akaniambia. Nikaenda huku vumbi limenimeza. Niliporudi akafungua mlango, akapitisha kiganja juu ya shuka, akakitazama. Shuka lilikuwa jeupe vilevile. Akalilipia trela kwa kiinua mgongo chake mwenyewe.

Asubuhi ya safari Haipiti alikuwa amelikagua tangu alfajiri, na hakuwa na la maana la kukataza. Alichofanya ni kupakia sanduku lake la vifaa, jeki mbili, minyororo na tairi nne za akiba. Kisha akasimama mbele ya geti, mkono juu, kama zamani barabarani.

"Mzigo umezidi. Haipiti."

"Umezidi kiasi gani?" dada akauliza.

"Kwa barabara ile? Kilo mia mbili na zaidi."

"Basi shusha vyuma vyako."

"Vyuma havishuki. Bila vyuma hivi, mimi siendi."

Dada akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, taratibu, jinsi alivyokuwa akiwatazama waume waliokuja wodini kupiga kelele. "Basi vibaki, na wewe ubaki navyo. Uzito utakuwa sawa." Akanigeukia. "Mdogo wangu, shusha."

Nikashusha kwa furaha ambayo sitaitubu. Tulipotoka getini alikuwa amekaa juu ya sanduku, mkono bado umeinuka nusu.

Kule milimani nililala kwenye pikapu. Dada akafunga mlango wa trela, na jua lilikuwa limepanda sana alipoufungua, nywele zimemsimama, uso una mikunjo ya mto. Alikuwa akilia. "Hakuna aliyenigongea," akasema. Nikajifanya kuchochea moto.

Mvua zikafunga njia wiki iliyofuata, na nyonga ikapasuliwa kama ilivyopangwa. Trela likabaki uani. Haipiti akawa analizunguka kila siku na nyundo yake, na huko dukani niliwahi kumsikia akiwaambia watu kwamba alilichagua yeye.

Kiangazi kilipoanza tena aliingia ndani akijifuta mikono, akasimama mbele ya dada aliyekuwa amekaa na mkongojo magotini. Sijapata kumwona mpole namna ile.

"Mke wangu, nimelikagua lote. Halina kasoro. Sasa twende, nikupeleke."

Dada akauweka mkongojo kando. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma mimi shahidi.

"Nenda ukapaone," akamwambia. "Ni pazuri sana. Mimi nilishapaona."