Bunduki ya Kushoto

Nimechoka na mazombi. Wengine wanawaona mara moja, wanapiga kelele, wanacheka, wanaenda kwao kula ugali. Mimi nashinda nao. Mashine ikishawashwa inaguna yenyewe hata kama hakuna anayecheza, eti inaita wateja, na hapa Manyoni wateja wanaoitwa kwa miguno ya maiti si wengi kama marehemu mume wangu alivyodhani.

Aliinunua kwenye ukumbi wa michezo ya video uliokuwa unafungwa Dar es Salaam, akaileta kwa lori lililokuwa limepeleka alizeti, ambalo lingerudi tupu. Ni kabati kubwa lenye skrini, na mbele yake bunduki mbili za plastiki zilizofungwa kwa waya. Maiti zinafufuka katika hospitali moja ya Ulaya, wewe na mwenzako mnazipiga risasi mpaka mtoke salama. Basi. Hadithi yenyewe haina mbele wala nyuma. Naitazama kila siku ya Mungu na bado sijui nani aliwafufua wale watu, wala alitaka wamfanyie nini.

Sitaki kuionea, kwa hiyo niseme na uzuri wake. Bunduki ukiifyatua inaruka kidogo mkononi, na mtu mzima anajikuta amekunja uso kama askari. Hofu yake nayo ni ya kweli: wanakuja polepole, unadhani una muda, kumbe huna. Lakini uzuri wake hasa ni kwamba haichezeki vizuri peke yako. Ukiishiwa risasi lazima uelekeze bunduki nje ya skrini ili ijae, na hapo mwenzako ndiye anayekulinda. Nimewaona watu waliotoka mnadani hawasemezani, wakashika bunduki, na baada ya muda mmoja anamwambia mwenzake, "Nyuma yako, ndugu yangu!"

Kasoro zake sasa. Lile zimwi la mwisho haliuawi kwa ujuzi, ni mpaka ulilishe sarafu, na huko ni kukamuliwa tu. Waya ni mfupi, kwa hiyo mnasimama bega kwa bega mtake msitake. Na bunduki ya kushoto ni mbovu: ukilenga kichwa, inapiga ukuta wa kulia. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiishika mume wangu. Alikuwa akilenga bega la zombi, upande wa kushoto, na kichwa kinapasuka. Kabla ya kufunga tulikuwa tunacheza mchezo mmoja, mimi kulia, yeye kushoto. Alisema kibovu ni cha mwenye nyumba, kizuri ni cha mgeni, nami nikamuuliza tangu lini nimekuwa mgeni.

Akaugua, akafa. Siwezi kulipamba hilo.

Baada ya matanga, baba mkwe na wadogo zake wawili walikuja kutoka Sepuka kukaa kikao cha mali. Ng'ombe na shamba havikuwa na ugomvi. Ikabaki mashine. Wale wadogo walitaka iuzwe Singida mjini, kila mtu apate chake. Mashine ndiyo iliyokuwa inanilisha na wanangu, wote walijua, lakini mjane kwenye kikao kile hasemi mpaka aulizwe, na hakuna aliyeniuliza. Nilikaa kwenye mkeka wangu na hasira yangu.

Baba mkwe akasema hawezi kuuza kitu asichokijua. Alitaka aone mwanawe alikuwa akishinda na nini.

Kwa watu wa mume wangu, mkwe wa kike na baba mkwe hawapeani mikono wala hawakai mkeka mmoja. Miaka yote ya ndoa yangu nilimwamkia kwa mbali nimeinama, naye alinijibu akitazama pembeni. Kwa hiyo niliiwasha mashine, nikarudi mlangoni.

"Mwanangu alikuwa anasimama wapi?" aliuliza, akiutazama ukuta.

"Hapo kushoto, Baba."

Akaegemeza fimbo yake, akaishika ile bunduki kwa mikono miwili. Maiti zikatoka. Akapiga, hakuna kitu. Akapiga tena. Wakamla.

"Haipigi hii."

"Lenga begani, Baba. Upande wa kushoto."

Wakamla tena. Ningeweza kupaza sauti kutoka mlangoni mpaka jua lizame, mchezo ule ni wa watu wawili. Nikakaza khanga kiunoni, nikasema, "Unisamehe, Baba," nikaenda kushika ile ya kulia. Bega langu likagusa lake. Alinukia moshi na ugoro. Nilingoja asogee, hakusogea.

Tukacheza. Akaanza kuwapata, mmoja mmoja, na kila akimpata alitoa sauti ndogo kama anayeswaga ng'ombe. Tulivuka mlango wa hospitali. Halafu akashusha bunduki, nao wakaendelea kuja.

"Hawa wote wanarudi," alisema. "Hata hakuna anayewangoja. Wa kwangu harudi."

Nililia pale pale, si kwa staha. Yeye aliifuta bunduki kwa ncha ya shuka lake, akairudisha mahali pake, akachukua fimbo, akatoka kwa wadogo zake.

"Kitu kibovu kile," nikamsikia akisema. "Bunduki moja haipigi panapolengwa. Tukimuuzia mtu atakuja mpaka Sepuka kututukana. Mwacheni nacho huyu mama."

"Kibovu kinatengenezwa, kaka," mmoja akasema.

"Siku kikitengenezwa, tutakaa kikao tena."

Siku za mnada baba mkwe hupita hapa. Namwamkia shikamoo nikiwa mlangoni, nimeinama vilevile, ananijibu akitazama pembeni vilevile, kisha anakwenda kusimama kushoto. Mimi naenda kulia, nichoke nisichoke.

Mwezi uliopita nilimwita fundi aangalie skrini. Alipomaliza akaishika ile bunduki, akaigeuzageuza, akacheka. Akasema ni skrubu moja tu imelegea, angeikaza mara moja na wala nisimlipe.

Nilimnyang'anya bisibisi.