Taa ya Mchana

Mimi sinywi, sivuti, na usiku ule sikuwa na homa. Naanza na hayo kwa sababu kila nikisimulia anatokea mtu wa kuniuliza nilikuwa nimekula nini. Nilikula ugali na maharage. Haya yamenitokea mimi, huku kwetu milimani juu ya Soni, kwenye kabichi nyuma ya nyumba yetu. Ukikataa, shauri yako.

Nilikuwa na rafiki, Mahimbo. Wote shule ilituishia kidato cha nne. Yeye akawa anapakia mboga kwenye malori pale Soni, mimi fundi simu. Nyota tulijifundisha wenyewe, kwenye simu na vitabu vya kuazima. Tukachanga, tukanunua kamera iliyokwishatumika, tukang'ang'ana na nyota moja tu, vitabuni inaitwa Beta Lyrae. Kwa macho ni moja. Kumbe ni mbili, zinazungukana karibu mno hadi moja inamnyonya mwenzake, na gesi inayovutwa inawaka pale kati. Ukiutawanya mwanga wake upate rangi kama za upinde wa mvua, unakuta mistari inayong'aa, wakati nyota nyingi zina mistari myeusi. Ni nyota ya ajabu, niamini.

Mimi nilikuwa mtu wa rangi. Nilitengeneza boksi la kadibodi, upande mmoja ufa wa wembe, ndani kipande cha CD. Kwa nyota halifai, lakini kwa taa ni sawasawa, na nilikuwa natembea nalo kila mahali. Chemli inatoa rangi zote bila pengo. Balbu za siku hizi kila aina ina vipande vyake. Jua ndilo lina mistari myeusi myembamba, kama mtu kachora kwa sindano. Kijiji kizima nilikijua kwa taa zao.

Mahimbo kazi yake ilikuwa kupima ung'avu. Anapiga picha, analinganisha nyota yetu na majirani zake, anaandika namba kwenye daftari. Karibu kila siku kumi na tatu nyota moja inamfunika mwenzake na mwanga unashuka. Sasa, wiki moja nilikuwa Muheza kwa shangazi. Narudi, nakuta Mahimbo ameandika mwanga umeshuka katikati ya siku hizo, siku ambayo mimi nilijua lazima uwe umejaa.

Nikamfuata kibandani kwa muuza chai, mbele ya wapakiaji wenzake.

"Hii namba umeiota."

"Nimeandika nilichokiona, bwana."

"Kwa macho yapi, hayo ya usingizi?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mahimbo, hata nyota unachakachua?" Nikatoa kalamu nyekundu, nikaikata namba yake palepale. Hakugomba. Alisema tu, "Haya. Utapima mwenyewe."

Mtu mwingine angemwita mwongo ningemvunja meno, nakuapia. Lakini mimi mwenyewe nilimwita, na sikwenda kumwomba radhi. Nilisubiri aje yeye. Siku ya nne lori la kabichi alilopanda likapinduka kwenye kona za kushukia Mombo. Tukamzika kwao, ng'ambo ya bonde letu.

Unajua mtu anafanya nini baada ya hapo? Mimi nilihesabu. Nilihesabu siku ambazo nyota ingefika tena pale katikati, ili nijue alisema kweli au la. Mara ya kwanza ukungu. Mara ya pili ukungu, na Usambara ikiamua kukunyima mbingu, inakunyima. Mara ya tatu kukawa kweupe, nyota zimemwagika, mwezi hakuna.

Nikasimika kamera, nikaanza kupiga picha. Ilipofika kama saa nne, taa ikatokea kwenye matuta ya chini. Taa ndogo ya mkononi, inapanda taratibu. Kwa mpiga picha za nyota hakuna tusi kubwa kama taa. Damu ikanipanda.

Yule mtu akasimama hatua kama kumi. Uso sikuuona, taa ilikuwa inanipiga machoni. Akasema, "Onga mshi." Hiyo ni salamu yetu ya mchana. Hakuna Mshambaa anayekutolea salamu hiyo usiku, labda anakufanyia mzaha. Na sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyejifunika shuka mdomoni kwa baridi. Kisha akauliza, "Imeshuka?"

Nikajua ni mmoja wa wale wa kibandani amekuja kunicheka. Rafiki yangu yuko ardhini, wao bado wanacheka. Nikamwambia, "Hakuna kilichoshuka. Toka hapa na taa yako, mwongo wewe."

Taa ikageuka, ikaanza kushuka.

Nikalichukua boksi ili niijue taa ni ya nani, asubuhi niende kwao nikawaeleze. Nikailenga. Rangi zote zilikuwepo, na ndani yake ile mistari myeusi, myembamba, kila mmoja mahali pake. Nikafuta jicho, nikatazama tena. Lilikuwa jua. Mwezi nao unaturudishia mwanga wa jua, najua, usinikatize, nimeshakwambia mwezi haukuwepo. Mtu alikuwa anatembea usiku ameshika mchana mkononi, na alikuwa amenisalimia ya mchana kwa sababu kwake ulikuwa mchana.

Hapo ndipo nikaijua sauti.

Nilikimbia. Niliita jina lake hadi koo likakauka, nikaanguka kwenye matuta, na taa ikazimika mbele yangu ikiwa karibu na kwao. Nikajikuta nagonga mlango wa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu, usiku huu?"

Nikamwambia kaja, kauliza kama imeshuka. Mama Mahimbo akanishika mkono. "Wewe ukamjibu nini?"

Ungesema nini? Nilisema, "Nilimwambia imeshuka. Nikamkaribisha akae."

Akalia kidogo, kisha akasema, "Ahsante, baba. Lile neno lilimuuma sana. Siku zile hata kula alikuwa hali."

Asubuhi nikazipima picha. Ilikuwa imeshuka. Nyota zikiwa mbili zinazungukana, kila moja ina zamu yake ya kumfunika mwenzake, mara giza kubwa, mara dogo. Mimi nilikuwa nimehesabu zamu moja. Namba niliyoipata ndiyo ileile niliyoikata.

Hadi leo kila nikienda kumsalimia, mama ananiambia, "Hebu nisimulie tena ulivyomkaribisha." Nasimulia. Sasa nimeshaongeza na kigoda nilichompa, na shuka langu nililomfunika. Anatabasamu. Amewasimulia hadi majirani kwamba mwanawe alipokelewa vizuri. Usiku wa giza nakaa pale shambani na kigoda cha kweli, na hajarudi.

Wewe nimekwambia ukweli kwa sababu mama yake siwezi kumwambia. Mtu akikuuliza kitu gizani, mjibu kwanza. Kama ni mwizi, utamfukuza baadaye.