Rafu Ambayo Kompyuta Haikuiona

Rudayna Batayneh alifeli mtihani wa udereva mara tatu, na kila alipofeli alirudi dirishani kujiandikisha upya kabla machozi hayajakauka. Nidal, mumewe, alimshauri apumzike japo mwezi mmoja. "Nikipumzika nitasahau nilipokosea," alimjibu. Siku alipopata leseni alimpakia mama mkwe wake akamzungusha mji wa Irbid mzima, na bibi yule aliposhuka alisema hapandi tena gari la mtu asiyejua kurudi nyuma. Watu wa nyumbani walicheka, kwa sababu hakuwa akizungumzia gari tu.

Alikuwa mhandisi wa mipango katika kiwanda cha viti vya magurudumu, njia ya kwenda Husn. Alipoanza kazi pale, kila msimamizi alikuwa na kabati lake lenye kufuli, humo ameficha skrubu, matairi na vitambaa vya akiba. Kiwanda kilinunua vitu ambavyo tayari kilikuwa navyo, na viti vilichelewa kwa kukosa vitu vilivyokuwa vimelala hatua chache tu kutoka kwa fundi. Rudayna ndiye aliyepigania ile programu ya kompyuta. Kila jioni ilisoma oda za viti vipya, ikaangalia stoo kuna nini, ikagawa kila kitu kwa kazi yake na kuagiza kilichopungua. Alipita mwenyewe na mkasi wa kukatia chuma akakata makufuli. Wengine hawakumsamehe. Walimwita Umm Kompyuta, yaani Mama Kompyuta, kama vile ameizaa.

Asubuhi moja ya baridi alikuwa akipita karibu na dirisha la matengenezo, ambako wateja huleta viti vilivyoharibika, aliposikia sauti ya mwanamke.

"Mara ya kwanza mlisema wiki ijayo. Mara ya pili mkasema inshallah. Leo mtasema nini, niote mbawa?"

"Wallahi dada, si mimi," alijibu Abu Ghaith, mzee wa stoo, ambaye pia ndiye aliyehudumia dirisha lile. "Ni kompyuta."

"Basi iite ije hapa tuongee."

Rudayna alisogea. "Mimi ndiye niliyeileta," alisema. "Shida ni nini?"

Mwanamke yule alimtazama juu na chini. Aliitwa Wisal, fundi cherehani wa Kufranja, na alikuwa ameketi kwenye kiti cha toleo la zamani la kiwanda kile kile. Dada yake alikuwa amekishika kwa nyuma ili kisiende upande. Magurudumu madogo ya mbele yalikuwa yakicheza kama meno ya mtoto.

"Beringi zimekwisha," Wisal alisema. "Kiti chenyewe kizima, kinanishinda hata mimi kwa uzima. Nina nguo za harusi mbili mezani, na kutoka meza ya kukatia hadi kwenye cherehani nabebwa kama gunia la ngano. Nataka beringi mbili tu, bibie. Sikuja kuomba kiti."

Rudayna aliingia stooni. Beringi zilikuwapo, maboksi kwa maboksi.

"Zipo, lakini si zake," Abu Ghaith alimwambia kwa upole. "Zimeshagawiwa viti vipya vya hospitali. Zikija nyingine, nazo zitagawiwa jioni hiyo hiyo. Huyu wa dirishani haagizi mapema, mhandisi. Anakuja siku kiti chake kinapoharibika. Kompyuta haimjui."

 Rudayna alichukua boksi zima, akampa Wisal anazohitaji, na zilizobaki akaziacha dirishani kwa watakaofuata.

Kesho yake kazi ya kuunganisha viti ilisimama kwa kukosa beringi za boksi lile. Mafundi walikaa wakinywa chai huku viti vya hospitali vikiwa havina magurudumu ya mbele, na mkurugenzi wa kiwanda, Muhannad, akamwita ofisini.

"Nani alikata makufuli ya watu?" alimuuliza.

"Mimi."

"Nani alisema mkono wa mtu usiitangulie kompyuta?"

"Mimi."

"Na jana nani alichukua boksi?"

"Mimi, na nilikosea kulichukua vile." Masikio yalikuwa yakiwaka moto chini ya mtandio. "Lakini yule mama hakukosea kuja. Tumemuuzia kiti, kisha tukamnyima cha kukitengenezea. Naomba rafu moja, Muhannad. Programu yenyewe inaruhusu. Naweza kuitoa beringi ya matengenezo kwenye mpango, ikawa ipo stooni lakini kompyuta haiioni. Haitaigawa kwa mtu."

"Leo rafu, kesho kabati, keshokutwa makufuli. Hapana."

Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Muhannad akawa akimwona mlangoni anainua mkono. "Sitaki kusikia beringi kabla ya chai."

"Kunywa tu, nasubiri."

Naye alikaa akasubiri, huku Muhannad akinywa chai yake ya maramia, majani yenye harufu kali, kwa makusudi, funda dogo dogo. Mwisho Rudayna aliona maneno hayatoshi. Alimwomba aje asimame naye dirishani asubuhi moja tu, na kama hataona kitu, hatamsumbua tena. Muhannad alikubali ili apate amani.

Walikuja watu kadhaa. Wa mwisho alikuwa mzee kutoka Ramtha, mkononi ana mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko magurudumu mawili madogo.

"Kiti chenyewe kiko wapi, hajji?" Muhannad aliuliza.

"Nyumbani. Nimeyafungua mwenyewe."

"Na anayekikalia?"

"Kitandani, ananisubiri," mzee alisema. "Nimemwambia narudi kabla ya adhuhuri."

Za boksi lile zilikuwa zimekwisha, na nyingine zote stooni zilikuwa za viti vipya; hazikuwapo za kumpa. Muhannad alirudi ofisini, na kabla ya chakula cha mchana alimwita Rudayna.

"Rafu moja. Kitu kimoja. Ikiisha, usije kwangu, na usiguse za viti vipya. Hiyo rafu iko shingoni mwako."

"Shingoni mwangu," Rudayna alisema.

Boksi la kwanza kufika lilikwenda kwenye rafu ile, na mzee wa Ramtha akapigiwa simu aje.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Watu walikuja na kuondoka na beringi zao, na Rudayna akajiona ameshinda. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, ukaja na oda kubwa, na kichwa chake kikazama huko. Baada ya Idi, Abu Ghaith alimfuata mezani kwake.

"Rafu tupu, mhandisi."

"Haiwezekani. Ingekuwa imeagiza."

"Nani? Kompyuta?" Abu Ghaith alikaa kitini bila kukaribishwa. "Si umeifunga macho isiione? Sasa isipoona haigawi, lakini pia haiagizi. Nami nilidhani wewe unaangalia."

 Rudayna alikijua kitu hicho. Alikuwa amewafundisha wengine kwa mdomo wake. Na muuzaji wao wa nje huchukua miezi kuleta mzigo. Upande wa pili wa stoo beringi za viti vipya zilikuwa zimejaa, za kufikia kwa mkono tu. Abu Ghaith alimwona akizitazama.

"Boksi moja," alisema. "Mimi sijaona."

"Hapana. Nilitoa neno."

Kesho yake asubuhi alichukua ruhusa, akaweka beringi moja ya mfano mkobani akaendesha hadi mji wa Zarqa. Aliingia duka baada ya duka la vipuri. Mmoja alimwambia saizi hiyo imekwisha duniani. Mwingine alimletea iliyofanana, Rudayna akaizungusha kidoleni, ikakwaruza kama mchanga, akairudisha. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba alipofika kwa mwuza vipuri vya feni na mashine za kufulia, mtu mnene aliyekuwa akila falafeli juu ya kaunta.

"Unatengeneza mashine gani, dada?"

"Kiti cha magurudumu."

Mtu yule alifuta mikono, akaipima beringi ya mfano, akaingia nyuma ya duka na kurudi na boksi lenye vumbi. Rudayna alizungusha moja, kisha nyingine, na nyingine. Zilizunguka bila sauti. Alichukua boksi zima.

Tangu hapo, kila Alhamisi, siku ya mwisho ya kazi kabla ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, kabla watu hawajatawanyika kwenda makwao, alishuka stooni akaiangalia rafu ile kwa macho yake. Alipoona imeanza kupungua aliagiza mwenyewe, mapema. Alhamisi asipokuwapo, Abu Ghaith alishuka badala yake. Nidal alilalamika kwamba siku hizi maklouba ya Alhamisi, ule wali wa nyama, inaliwa imepoa. Rudayna alimwambia aipashe moto.

Mwaka uliofuata wenye kiwanda walimtuma mkaguzi kutoka Amman, kijana nadhifu wa maneno laini, aipitie programu yote. Alisimamisha kidole kwenye skrini.

"Hii beringi ya matengenezo mbona iko nje ya mpango? Ni kosa?"

"Si kosa," Rudayna alisema.

"Mpango mzuri hauachi kitu nje, mhandisi."

"Na mimi nilisema hivyo hivyo miaka mingi. Lakini mpango unajua viti tutakavyotengeneza. Haujui cha nani kitaharibika Jumanne."

"Basi anaiangalia nani?"

Muhannad, aliyeketi kando, alimwonyesha Rudayna kwa kidevu. "Huyu. Na usijaribu kumbadilisha, nimeshajaribu."

Mkaguzi alicheka, akaandika kitu, akaenda kwenye ukurasa mwingine.

Alhamisi ya wiki ile Rudayna alikuta rafu imeshuka kuliko alivyotarajia. Alimpigia muuzaji palepale stooni, akaambiwa mzigo utachelewa, apige tena baada ya mwezi.

"Nitapiga Jumapili," Rudayna alisema.

"Jumapili hakutakuwa na jipya, bibie."

"Basi utaniambia hivyo Jumapili."

Jumapili asubuhi, kabla hajavua koti, alipiga.