Kikohozi Nyuma ya Mlango

Kabla ya kuandika igizo lolote nilikuwa nimetengeneza milango kwa zaidi ya miaka kumi. Nilizaliwa kijijini huko Kasulu, nikaishia darasa la saba, nikafundishwa useremala na mjomba wangu. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nimepanga chumba na kibanda cha kazi mjini Kibondo, kwa sababu kambi za wakimbizi zilikuwa zimefunguliwa na shule zao zilihitaji madawati mengi kuliko mafundi tulivyoweza kuyatoa.

Uandishi nilijifundisha. Nilisikiliza michezo ya redio nikiwa na penseli ileile ya kupimia mbao. Sikuandika hadithi zake, niliandika sauti: mlango unafunguka, sufuria inawekwa chini, mtu anavua viatu. Niligundua kwamba sauti moja iliyowekwa mahali pake ilifanya kazi ya maneno ishirini. Baadaye mwalimu mmoja aliyehamishwa aliniachia kitabu cha chuo kilichoeleza namna ya kugawa igizo katika maonyesho. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo, karibu robo ya kitabu, zilikuwa zimechanika. Kwa hiyo nilijifunza kumaliza kabla ya kujifunza kuanza. Kasoro hiyo imebaki. Miisho yangu ni imara kuliko mianzo, na nimewahi kuipenda kupita kiasi.

Kambini nilikuwa nikikarabati mabenchi ya kanisa siku kikundi cha maigizo cha kwaya kilipokuwa kikifanya mazoezi. Mwanamume mmoja aliingia akamwambia mwanamke aliyeketi, "Mimi ni mume wako niliyekwenda safari." Nilicheka, msumari ukiwa bado mdomoni.

"Unacheka nini, fundi?" katekista aliyewaongoza akaniuliza.

"Kwani mke wake hamjui?"

Wote wakacheka isipokuwa yule mume, ambaye kambini alikuwa kinyozi. "Basi njoo utuandikie wewe," akasema. "Tuone kama randa inajua kusema."

Nikaandika. Utaratibu wangu ulikuwa wa useremala. Kila onyesho nililiandika kwenye karatasi yake, nikazipanga karatasi sakafuni, nikazihamisha mpaka zikakaa. Seremala hujaribu maungio yakiwa makavu kabla ya kutia gundi. Mimi nilisoma igizo kwa sauti kabla ya kulinakili kwenye kaunta buku, na baada ya hapo sikuligusa tena. Karatasi zilikuwa adimu, hivyo kila mwigizaji nilimnakilia maneno yake peke yake, pamoja na maneno matatu au manne ya mwisho ya yule anayemtangulia. Hakuna aliyekuwa na igizo zima ila mimi.

Kabla ya kuandika niliwauliza wote swali moja: nyumbani mlikotoka, jioni mlikuwa mkisikia sauti gani? Walijibu kwa zamu. Mmoja alitaja mchi, mwingine ng'ombe. Kinyozi alisema alikuwa akimsikia mama mkwe wake, na sauti hiyo haimtoki hata huku. Wa mwisho kujibu alikuwa mama mmoja wa watoto wawili, mwimbaji wa sauti ya pili, ambaye hakuwa akisema sana.

"Kikohozi," alisema. "Baba watoto hakuwa akipiga hodi. Akifika kwenye mibuni anakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Mimi nakuwa nimeshaepua chungu."

Niliandika: *viwili vifupi, kimoja kirefu.*

Habari za mume huyo zilijulikana. Siku waliyovuka mpaka, upande wa Nyabibuye, alimvusha mkewe na watoto, akarudi kumchukua mama yake. Masika tatu zilikuwa zimepita. Watu waliotoka kilima chao, majirani wa nyumbani, walimshauri mama yule afanye msiba, anyoe nywele, apumzike. Aliwajibu neno lilelile kila mara: "Hatujamlilia." Kwao, mtu akishaliliwa ameondoka katika nyumba yake. Hata akirudi mzima hawezi tena kuingia kwa mlango wake wa zamani. Hutobolewa ukuta upande wa pili, akapita hapo kama mgeni. Ndiyo maana hakutaka kulia. Alimwachia mumewe mlango.

Kisa cha igizo nililoandika nilikitoa kwetu. Waha wengi wa zamani walikwenda kukata mkonge pwani na baadhi hawakurudi, na bibi yangu aliwahi kusimulia juu ya jirani aliyengojewa mpaka nyumba ikaanguka. Nilijiambia kwamba kisa ni chetu, basi nina haki nacho. Katika onyesho la mwisho ukoo umekusanyika kumlazimisha mke akubali msiba. Mama mkwe ameshatandika mkeka. Mke anainamisha kichwa, na hapo nyuma ya mlango uliofungwa kinasikika kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Mke anainua kichwa. Mwisho. Mlango haufunguki.

Nilijua ni mwisho bora kuliko wote niliowahi kuandika. Nilimpa mama yule nafasi ya mke kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeweza kuinua kichwa vile.

Hakujua kusoma, hivyo nilimsomea, yeye akiwa amekaa kwenye benchi nililokuwa nimelipiga msasa asubuhi ile. Nilipomaliza aliniita.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Hicho kikohozi ni cha nani?"

"Cha yule mume wa kwenye igizo."

"Oya, siyo. Hicho ni cha mtu." Alikuwa akiangalia mikono yangu. "Kiondoe. Apige hodi."

"Mwenye nyumba hapigi hodi kwake, mama."

"Basi aite mtoto. Wanaume wote wanaita watoto. Fundi, mimi sina picha yake. Sina shati lake. Nina hicho tu ninachokingoja. Ukimpa mtu mwingine akitumie, siku nitakapokisikia nitajuaje?"

Nilimwambia nimeelewa. Nikachukua rula, nikakata mstari ule kwenye kaunta buku mbele ya macho yake, nikaandika juu yake: *Anamwita mtoto: Fungua.* Aliniomba nimsomee kilichoandikwa sasa. Nikamsomea. Akashukuru, akaenda kuchota maji.

Karatasi ya kinyozi ilikuwa imeshatoka. Alikuwa ameugua malaria, na nilikuwa nimempelekea mapema ili ajifunze akiwa amelala. Aliipokea kwa kunung'unika. "Mistari minne na kikohozi! Hata mbuzi wa katekista ana kazi kuliko mimi." Karatasi ile ilikuwa na mstari wa zamani, pamoja na hesabu yake. Nilikuwa na wiki nzima ya kwenda kuukata. Nilipita mbele ya kibanda chake mara mbili, mara ya pili penseli ikiwa sikioni.

Katika mazoezi nilisimama mimi mahali pa kinyozi, nyuma ya mlango, nikaita, "Fungua." Onyesho lilianguka kila mara. Mama yule aliinua kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeitwa kwenye foleni. Katekista alisema ni vizuri. Mimi nilijua si vizuri, na nilijua kilichokosekana.

Tulicheza Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa mpira. Mlango niliutengeneza mwenyewe, fremu na ubao wa mninga, ukasimamishwa peke yake katikati ya uwanja na matuliubali ya kambi yakafungwa huku na huku yawe kuta. Watu walijaa mpaka magolini. Kinyozi alikuja akiwa bado na blanketi mabegani, jasho likimtoka. Nilikaa naye nyuma ya mlango, kaunta buku magotini, tayari kuwakumbusha waliosahau.

Onyesho la mwisho lilipoanza akanisogelea. "Fundi," akanong'ona, "katekista kaniambia nimwite mtoto. Kwenye karatasi hapa nimeandikiwa nikohoe. Nifanye lipi?"

Nimekumbuka swali hilo mara nyingi kuliko neno lolote nililoandika. Hakukuwa na haraka. Mama mkwe alikuwa na hotuba ndefu, nami ndiye niliyeiandika, nilijua urefu wake. Nilikuwa na nafasi ya kujibu mara kumi.

"Fanya kama ilivyoandikwa," nikamwambia.

Upande wa pili mkeka ulitandikwa. Nilisikia sauti ya mama mkwe ikifika kwenye maneno ya kumpisha kinyozi. Akaliacha blanketi lianguke, akaegemea fremu, akakohoa. Kifua chake kilikuwa kibovu kwa ugonjwa, kikohozi kikatoka cha kweli. Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Kisha mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Mfungulie! Ni yeye huyo!" Wengine wakadakia, wanawake wakapiga vigelegele, na nikasikia miguu ikija mbio. Katika igizo langu mlango haufunguki. Ulifunguliwa kwa nguvu hata bawaba ya juu ikang'oka.

Mama yule alisimama pale. Alimtazama kinyozi na karatasi yake mkononi. Kisha akatazama nyuma yake, nyuma yangu, mpaka kwenye mikaratusi ambako hapakuwa na mtu. Watu walikuwa wanashangilia. Alirudi mpaka kwenye mkeka uliotandikwa, akaketi, akaweka mikono kichwani na kulia.

Kilio cha igizo na kilio cha msiba havifanani, na kambini pale hakuna aliyeweza kukosea. Vigelegele vilikatika. Bibi mmoja mstari wa mbele alifungua kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Yooo," akampokea kile kilio. Wengine wakampokea. Kikaenda uwanja mzima mpaka kwa waliokuwa golini, ambao hawakuona kilichotokea lakini walijua la kufanya. Wanaume walivua kofia.

"Fundi," kinyozi aliniuliza, akiokota blanketi lake, "sasa niingie?"

"Usiingie."

Mama yule alikuja kwenye kibanda changu cha kazi siku ya nne. Alikuwa amenyoa kichwa. Nilimpa kigoda, akakikataa kwa mkono.

"Ulisahau kukikata kwenye karatasi ya kinyozi?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Nilisahau."

Aliitikia kwa kichwa. Sikujua kama ameniamini na sijui mpaka leo. "Nimemlilia," akasema. "Watu wengi wamenisaidia, kilio hakiwezi kurudishwa. Sasa nataka mlango. Nyumba yangu ina mmoja, wa mbele. Nitobolee wa pili, nyuma."

Nilichukua futi na penseli. Nilimuuliza maswali ninayowauliza wateja wote.

"Upana gani?"

"Wa mtu mwenye mzigo."

"Na urefu? Alikuwa mrefu?"

Akainua kiganja hewani, juu kidogo ya kichwa chake, akakishusha kwa upana wa kidole, akakishikilia hapo huku mimi nikipima kutoka chini.

Niliutengeneza kwa mninga wa ule wa uwanjani. Nilitoboa ukuta wake wa matofali mabichi, nikaweka fremu, nikafunga bawaba tatu mahali ambapo mbili zingetosha. Watoto wake wawili walikusanya makombo ya tofali. Kazi ilinichukua siku nzima na jua lilikuwa likishuka nilipomaliza kuuranda ukingo wa chini uliokuwa ukikwaruza. Aliufungua na kuufunga kutoka ndani mara mbili.

"Jaribu na wewe," akasema. "Kutoka nje."

Nilizunguka nyumba. Nyuma palikuwa na shamba dogo la maharage na baada yake mikaratusi. Yeye alikuwa ameufunga na kukaa ndani, nilisikia kigoda kikisogezwa. Nilikanyaga makombo ya tofali nikauendea mlango, na hapo vumbi la mbao nililolivuta mchana kutwa likanipanda kooni.

Alikuwa upande wa pili wa ubao, karibu kiasi cha kusikia pumzi. Nilifunga mdomo. Machozi yalinitoka kwa kukizuia kikohozi. Niliusukuma mlango kwa vidole viwili, ukafunguka bila sauti kama nilivyotaka, nikamwona ameketi akinikabili, uso ameuinua. Niliitikia kwa kichwa kwamba uko sawa. Kisha niligeuka, nikapita katikati ya maharage mpaka ndani ya mikaratusi, mbali nilipoona hawezi kusikia, na hata hapo niliziba mdomo kwa mikono miwili kabla ya kukohoa.