Mfuniko wa Tangi

Fundi alilipima gari langu mara nne, na mara zote nne akagundua kwamba kilichoharibika ni mimi.

Lilikuwa gari kuukuu la kabureta. Nililinunua katika miaka ya tisini, nilipokuwa nafundisha sayansi karibu na Kyumbi. Kabla ya hapo nilipanga chumba kando ya shule, nikawa nawaona watoto wangu Machakos wikendi tu. Kitinda mimba wangu alikuwa ameanza kunisalimu kwa mkono, kama mgeni. Gari ndilo lililonirudisha nyumbani kila jioni.

Kisha likaanza kuzima. Si kila siku. Lilitoka mjini vizuri, na nilipokaribia Kyumbi likakohoa, likaishiwa nguvu, kimya. Nikisubiri nusu saa, linawaka kana kwamba halijanifanya lolote.

Fundi mwenye gereji nyuma ya soko alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, kisha pointi, kisha pampu. Kila mara alilizungusha mjini dakika kumi, akarudi akipiga honi.

"Mwaitu, gari iko sawa," aliniambia. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na heshima yake iliishia kwenye neno hilo. "Shida ni mguu. Nyinyi akina mama mnakanyaga klachi kama mnaua panya."

"Dakika kumi hazitoshi. Linazima baada ya nusu saa."

"Gari haina saa, mwalimu!"

Wateja wake wakacheka. Mume wangu, aliyekuwa ameketi juu ya tairi, akacheka nao. Jioni hiyo akaniambia amepata mnunuzi kutoka Kithyoko, atakuja Jumamosi.

"Tuuze kabla haijakuachia porini," alisema. "Ile chumba ya Kyumbi bado iko."

Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Lakini hasira haitafuti hitilafu. Ukiwa na mashine isiyoeleweka, usikimbilie kuifungua. Jiulize kwanza inakosea lini. Gari langu lilizima hata asubuhi za baridi, kwa hiyo si joto. Lilizima hata kwenye tambarare, kwa hiyo si mlima. Ila lilizima upesi zaidi siku niliyojaza tangi. Petroli ikiwa kidogo, nilifika shuleni salama. Hilo lilinitatiza.

Alhamisi likazima tena. Nikaenda kufungua tangi nione kama petroli imeibwa. Mfuniko ulikuwa umeng'ang'ania. Nikauvuta kwa mikono miwili, na hewa ikaingia kwa kishindo, fyuuu! Nikageuza ufunguo. Likawaka papo hapo.

Toboa mkebe wa maziwa tundu moja: yatadondoka kidogo, kisha yatakataa. Toboa la pili, hewa iingie, yatatiririka. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Petroli ikitoka, lazima hewa ichukue nafasi yake, na tangi likijaa petroli, hewa iliyomo ni kidogo, kwa hiyo linabanwa mapema. Mfuniko wangu wa kwanza uliibwa, na fundi huyo huyo akanipa wa gari jingine, akauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli hadi ukabana, hewa ikawa inapenya polepole mno; ndiyo maana nililazimika kusubiri nusu saa. Wengi kwetu hufanya hivyo kuzuia vumbi na wezi wa mafuta.

Nilimweleza mume wangu, mkebe na yote.

"Fundi ameshika injini miaka ishirini," akasema, "na wewe unaniambia mfuniko?"

Jumamosi asubuhi nilijaza tangi, nikampa fundi ufunguo. Mume wangu akakaa mbele, mimi nyuma.

"Endesha wewe," nilimwambia fundi. "Mguu wako hauna shida."

Aliendesha kwa mkono mmoja, akisimulia. Karibu na Kyumbi gari likakohoa, likafa mbele ya akina mama wauza nyanya. Akajaribu kuliwasha, akajaribu tena.

"Heh! Leo fundi ameletwa na mgonjwa!" mmoja wao akapaza sauti.

"Shuka ufungue tangi," nikamwambia.

Akavuta. Fyuuu! Akabaki akiutazama mpira alioufunga mwenyewe.

"Hata mimi nilikuwa nashuku tangi," akasema.

"Tangu lini?"

Niliazima kisu kwa mwuza nyanya, nikakata upenyo kwenye ule mpira, nikaendesha mwenyewe hadi nyumbani bila gari kukohoa hata mara moja.

Mnunuzi alikuwa tayari langoni. Mume wangu akateremsha kioo.

"Pole sana, ndugu yangu, hatuuzi tena," akamwambia. "Fundi ameipata shida."

Fundi, kule nyuma, akakubali kwa kichwa.

Nilizima injini, nikashuka, nikaenda kumweleza yule mgeni kilichotokea, tangu mwanzo, polepole, mpaka akaelewa ni nani aliyeipata.