Redio ya Mzee Salum: nilisema imeangushwa, mpishi akafukuzwa kazi

Wakuu, habari za humu. Kama kuna walionizidi umri, shikamooni.

Nimesoma uzi wa jamaa anayeuliza kwa nini TV yake ya chogo (zile nene za zamani) inawaka vizuri, halafu ikipata moto inakata. Jibu ninalo, ila limenikumbusha jambo ambalo hata wanangu sijawahi kuwasimulia.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Chumvi sitatia.

Mie ni fundi mstaafu. Nilianza Chang'ombe, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. TV hatukuwa nazo. Kulikuwa na redio za valvu, yale masanduku ya mbao yenye taa za kioo ndani. Unawasha, unasubiri taa zipate moto, ndipo sauti inakuja. Chogo nilikuja kuzitengeneza uzeeni, na faulti zake nyingi ni zile zile.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mzee Salum, Mwarabu mwenye duka la nguo. Nyumba yake ilikuwa na umeme, na jioni majirani walijaa barazani kusikiliza habari kwenye redio yake.

Mpishi wake aliitwa Mzee Yohana, mtu wa Songea, mtaratibu sana. Alikuwa amekaa pale miaka mingi.

Siku moja redio ikafa. Nikabadilisha soketi ya valvu moja, pale inapochomekwa, nikalehemu, ikaimba. Wiki tatu baadaye ikazima tena, nikaitwa.

Hapa ndipo pa aibu.

Tatizo sikulijua. Nilichomoa valvu, nikazirudishia, nikagonga gonga, ikawaka yenyewe. Mzee Salum akauliza mbele ya watu, "Fundi, si juzi tu umeitengeneza hii?"

Nikaona ufa kwenye kona ya sanduku. Nikasema, "Hii imeangushwa, Mzee."

Wakuu, ufa ule nilikuwa nimeuona tangu siku ya kwanza.

Aliyekuwa anaifuta vumbi ni Mzee Yohana. Akaitwa. Akasema, "Bwana, sijaiangusha."

Mzee Salum akanigeukia. Nikarudia maneno yangu, tena kwa kujiamini.

Nadhani redio haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kuona mtu aliyemwamini miaka yote anamdanganya machoni. Akamwambia akusanye vitu vyake.

Mwezi haukuisha, redio ikakata tena. Safari hii hakukuwa na wa kumsingizia.

Nikaifungua, nikaiwasha ikiwa wazi, nikaiacha ipate moto. Ilipokata nikachukua njiti kavu ya chelewa, ile ya ufagio, nikawa nagusa kiungo kimoja kimoja. (Vijana, kidole msiingize humo. Hata ukichomoa waya, umeme wa kuua unabaki ndani.)

Nilipogusa mguu wa ile soketi, sauti ikarudi. Nikaachia, ikakata.

Ni solda yangu mwenyewe, pale nilipolehemu siku ya kwanza. Haikushika vizuri. Ikipoa inagusa, ikipata moto inaachia. Jamaa wa chogo, faulti yako huenda ndiyo hiyo.

Ningeweza kulehemu upya nikafunga sanduku, na asingejua mtu. Nilikaa pale nimeshika pasi ya kulehemea mpaka ikapoa. Kisha nikamwita Mzee Salum, nikamwonyesha.

Akainama, akatazama. Akasema, "Umenifanya nimdhulumu mtu."

Hakunipa kazi tena mpaka anafariki.

Nikamtafuta Mzee Yohana, nikamkuta Keko anakaanga mihogo ya kuuza nje ya chumba alichopanga. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane.

"Mie najua sikuiangusha," akasema. "Asiyejua ni mke wangu."

Kumbe siku zote hizo mkewe alikuwa anamsihi akubali kosa, aombe radhi, arudi kazini. Hakuamini kwamba fundi anaweza kukosea.

"Kaa hapo. Akirudi kuchota maji mwambie kama ulivyoniambia."

Nikakaa. Alipofika nikasema yote, mbele ya mabinti zake wawili. Mama akatua ndoo, akapiga magoti. "Baba Anna, nisamehe."

Mzee akamwinua. "Pakua chakula. Mgeni hajala."

Nilikula nao.

Mzee Salum alimtuma mtu amwite arudi. Hakurudi. Alijibu kwamba mihogo inamtosha.

Nilichojifunza ni hiki: mteja haoni ndani ya sanduku, anaona mdomo wa fundi tu. Ukisema "sijui", utachekwa siku moja. Ukisema uongo, kuna mtu ataubeba kwa niaba yako, na mara nyingi ni yule asiye na wa kumtetea.

Mafundi wenzangu, na nyie manesi na walimu mliomo humu: kuna mtu aliwahi kubeba kosa lako? Ulimfuata, au ulifunga sanduku? Semeni, mie nasoma yote.